Asiyekuwapo na Lake Halipo: Mwanamke katika Ngazi za Uongozi wa Vyuo Vikuu vya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya mwanamke msomi kutoka darasani hadi ofisi kuu za usimamizi wa vyuo vikuu nchini Kenya. Yanadai kwamba uchache wa wanawake katika ngazi za juu hauanzii kwenye ngazi hizo, bali huanzia chini kabisa, katika masharti ya kazi, saa za mikutano, mpangilio wa masomo ya uzamifu na hata katika lugha inayotumiwa kumtaja kiongozi. Ushahidi umetolewa katika historia ya vyuo vyenyewe, katika sheria za nchi na katika fasihi ya Kiswahili, hususan tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando. Hatimaye, makala yanapendekeza mambo yanayoweza kutendwa na vyuo, wahadhiri na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili.

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mtu anayekosa kufika mahali ambapo mgao unafanywa. Katika chuo kikuu mgao hufanywa kila siku: nani atapewa likizo ya masomo, nani atafundisha kozi gani, nani atapandishwa cheo, fedha za utafiti zitakwenda wapi, na mtuhumiwa wa unyanyasaji atachukuliwa hatua gani. Maamuzi haya hufanywa na bodi za idara, kamati za kitivo, seneti na baraza la chuo. Iwapo wanawake hawamo katika vikao hivi, au wamo wawili watatu tu, basi shauri lao huamuliwa na wengine, hata kama hao wengine wana nia njema.

Ni kweli kwamba hali imebadilika sana. Msichana anayejiunga na chuo kikuu leo huenda akamkuta mwanamke akiwa mhadhiri wake, mkuu wa idara yake, na pengine naibu chansela wa chuo chake. Hata hivyo, kadiri mtu anavyopanda ngazi ndivyo anavyowaona wanawake wakipungua. Kwa upande mwingine, katika ofisi za makarani na makatibu muhtasi, wanawake ni wengi. Wao ndio wanaojua jalada liko wapi, barua ilitoka lini na kikao kiliahirishwa kwa nini. Chuo huendeshwa kwa mikono yao, ila sahihi ya mwisho mara nyingi huwa ya mtu mwingine. Swali la makala haya, basi, ni hili: ni nini hasa kinachompunguza mwanamke njiani?

Cheo na Lugha

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuanza na lugha. Kiswahili hakina ngeli ya kike wala ya kiume. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakimtofautishi mke na mume, na tunaposema 'ameteuliwa' msikilizaji hajui jinsi ya aliyeteuliwa mpaka aambiwe jina. Hali kadhalika, majina ya vyeo hayana jinsi. Mwenyekiti ni mwenye kiti, awe nani awaye. Mkuu wa kitivo, msajili, mhadhiri, profesa, naibu chansela kama wasemavyo wengi nchini Kenya, au makamu mkuu wa chuo kama wasemavyo Tanzania, yote ni majina yaliyo wazi kwa kila mtu. Kwa mintarafu hii, Kiswahili kilikwisha kuvuka mto ambao lugha nyingine bado zinatafuta kivuko chake.

Lakini matumizi ya lugha ni jambo jingine. Hotuba nyingi katika kumbi zetu hufunguliwa kwa 'Bwana Mwenyekiti', na ni kawaida msemaji aliyezoea maneno haya kuyatamka hata pale ambapo aliyeketi kitini ni mwanamke. Mwanamke akionyesha ujasiri husifiwa kuwa ana moyo wa kiume, na anayelia huambiwa ajikaze kiume. Aidha, mwanamume aliyefuzu huitwa profesa, ilhali mwanamke aliyefuzu vivyo hivyo huitwa profesa wa kike, kana kwamba cheo chake kinahitaji maelezo.

Jambo la kuvutia zaidi ni neno 'mama'. Katika ofisi nyingi za Kenya kiongozi mwanamume huitwa 'mzee' na kiongozi mwanamke huitwa 'mama'. Majina yote mawili yana heshima, ila heshima hizo hazifanani. Uzee unahusishwa na mamlaka, busara na neno la mwisho. Umama unahusishwa na huruma, malezi na kusamehe. Kiongozi anayeitwa mama akitoa adhabu, watu hushangaa kuliko wanavyoshangaa mzee akifanya hivyo, kwa sababu mama hatarajiwi kuadhibu bali kubembeleza. Hivyo jina la heshima huweza kugeuka kuwa kamba inayomfunga aliyepewa.

Pamoja na hayo, Kiswahili chenyewe kinalipa neno hili maana nyingine ambayo wasemaji huelekea kuisahau. Tunaposema 'sheria mama' tunamaanisha katiba, sheria inayozitawala sheria nyingine zote. Tunaposema 'kampuni mama' tunamaanisha ile inayozimiliki nyingine. Mama hapa si mbembelezaji. Ni asili, ni kiini, ni kitu kikuu. Lugha yetu, kwa hiyo, ina hazina ya kumwita mwanamke kiongozi bila kumpunguzia mamlaka. Lililobaki ni watumiaji kuichagua hazina hiyo.

Historia kwa Ufupi

Pengo linaloonekana leo lilichimbwa zamani. Shule ya upili ya wavulana ya Alliance ilifunguliwa mwaka wa 1926, na ile ya wasichana ikaanza mwaka wa 1948, miaka 22 baadaye. Chuo cha Makerere, ambacho ndicho kilichowasomesha wasomi wengi wa kwanza wa Afrika Mashariki, kiliwapokea wanafunzi wa kike kwa mara ya kwanza mwaka wa 1945. Kwa hiyo, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi kamili mwaka wa 1970, kundi la wanawake waliokuwa na sifa za kufundisha lilikuwa dogo mno. Mwaka wa 1971 Wangari Maathai alitunukiwa shahada ya uzamifu katika chuo hicho, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata shahada ya kiwango hicho.

Waliofuata walipanda kwa taabu. Micere Githae Mugo, ambaye wanafunzi wengi wanamjua kama mwandishi mwenza wa The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa Kitivo cha Sanaa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1982 alilazimika kwenda uhamishoni kwa sababu za kisiasa, na sehemu kubwa ya maisha yake ya usomi ikaendelea nje ya nchi hadi alipofariki mwaka wa 2023. Nchi ilimpoteza kiongozi wa kitivo wakati ambapo viongozi wa aina yake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Katika vyuo vya kibinafsi, Leah Marangu aliongoza Chuo Kikuu cha Africa Nazarene kuanzia miaka ya 1990. Katika vyuo vya umma, ilibidi kungoja hadi mwaka wa 2006, Olive Mugenda alipoteuliwa kuwa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kutoka mwaka wa 1970 hadi 2006 ni miaka 36. Mtoto aliyezaliwa siku chuo kikuu cha kwanza cha Kenya kilipoanzishwa angeweza kusoma, kuhitimu, kuoa au kuolewa na kuanza kumsomesha mwanawe kabla ya kumwona mwanamke akiongoza chuo kikuu cha umma.

Masharti ya Kazi: Kisa cha Maathai

Wengi humkumbuka Wangari Maathai kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani aliyoipata mwaka wa 2004. Kabla ya hayo alikuwa mhadhiri na msimamizi wa idara, na maisha yake chuoni ni somo kamili kuhusu mada hii.

Aliporejea kutoka Marekani mwaka wa 1966 alikuwa na barua ya ahadi ya kazi katika idara ya zuolojia, lakini alipofika aliambiwa kwamba nafasi imepewa mtu mwingine. Katika tawasifu yake, Unbowed, iliyochapishwa mwaka wa 2006, anaeleza kwamba aliamini kuwa jinsi yake na kabila lake ndivyo vilivyomnyima kazi hiyo. Alipata nafasi katika anatomia ya mifugo, akapanda ngazi hadi kuwa mkuu wa idara hiyo mwaka wa 1976 na profesa mshiriki mwaka uliofuata.

Alipokuwa akipanda, aligundua kwamba kupanda cheo si sawa na kulipwa haki za cheo. Wakati huo mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mfanyakazi kamili kwa upande wa marupurupu. Dhana iliyotawala ilikuwa kwamba mume ndiye anayempa mkewe nyumba, hivyo mke hakustahili nyumba wala posho ya nyumba kwa haki yake mwenyewe. Maathai pamoja na mwenzake Vertistine Mbaya walilipinga jambo hili. Walidai masharti sawa na wenzao wanaume, na walipoona chama cha wahadhiri hakina meno walitaka kigeuzwe kuwa chama halisi cha wafanyakazi. Baadhi ya wenzao wa kike walirudi nyuma, wengine kwa hofu ya waajiri, wengine kwa hofu ya waume. Hatimaye wawili hao walipewa walichokidai, huku wanawake wengine wakiendelea kusubiri.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, kikwazo hakikuwa mtu mmoja mwenye chuki. Kilikuwa kanuni iliyoandikwa, yenye dhana ndani yake kuhusu familia. Mtu mwema akiitekeleza kanuni mbaya, matokeo huwa mabaya vilevile. Pili, suluhisho la kuwaridhisha wachache wanaopiga kelele si suluhisho. Linawatenga na wenzao, na kanuni hubaki palepale.

Mwisho wa safari yake chuoni unazidi kuonyesha jinsi ngazi ilivyokuwa dhaifu. Mwaka wa 1982 alijiuzulu ili agombee kiti cha ubunge huko Nyeri. Alizuiwa kugombea kwa madai kwamba hakujiandikisha vilivyo kama mpiga kura. Alipotaka kurudi kazini aliambiwa nafasi yake imekwisha kujazwa, na nyumba ya chuo aliyokuwa akiishi ikamtoka. Miaka 16 ya kazi ikafutika kwa muda mfupi.

Hesabu ya Ngazi

Leo kanuni kama ile ya nyumba haipo tena. Je, kwa nini basi pengo lingali pale? Jibu limo katika hesabu ya miaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume na mwanamke wameajiriwa siku moja katika idara moja, wote wakiwa na umri wa miaka 28 na shahada ya uzamili. Wote wanakusudia kukamilisha uzamifu kwa miaka minne. Mwanamume anakamilisha. Mwanamke anajifungua watoto wawili katika kipindi hicho hicho, na kwa kuwa malezi nyumbani yamemwangukia yeye, anakamilisha baada ya miaka minane. Hakuna aliyemdhulumu waziwazi; amepata likizo yake ya uzazi kama sheria inavyotaka. Lakini wakati idara inapotafuta mwenyekiti, mwenzake ni mhadhiri mwandamizi na yeye ni mhadhiri. Kwa kuwa cheo cha mhadhiri mwandamizi ndicho kinachotakikana, yeye hazingatiwi. Mwenzake anapata uzoefu wa uongozi, na kitivo kinapotafuta mkuu wake uzoefu huo unahesabiwa. Baadaye kikitafutwa kiti cha naibu wa naibu chansela, uzoefu wa kuongoza kitivo unahesabiwa pia. Pengo la miaka minne limegeuka kuwa pengo la maisha mazima ya kazi. Kila ngazi ilitumia kigezo cha haki, ila kila kigezo kilirithi dosari ya ngazi iliyotangulia.

Vigezo vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka wa 2014, vilivyosisitiza shahada ya uzamifu kwa wahadhiri, vina manufaa yake kwa ubora wa elimu. Hata hivyo, vinamlemea zaidi yule ambaye miaka ya uzamifu imegongana na miaka ya ulezi. Kuinua kigezo bila kumpa mtu nafasi ya kukifikia ni sawa na kuipandisha ngazi juu kisha kuondoa vidato vya chini.

Fauka ya hayo, kuna suala la saa. Vikao vingi rasmi hufanywa mchana, lakini makubaliano mengi hufikiwa jioni, katika kilabu cha wahadhiri au kwenye meza ya chakula baada ya kazi. Hapo ndipo inapoamuliwa nani aungwe mkono katika uchaguzi wa mkuu wa kitivo na nani ashirikishwe katika mradi wa utafiti. Mhadhiri anayewahi kumchukua mtoto shuleni hayupo. Asubuhi anapofika kikaoni hukuta kura imekwisha kupigwa, ingawa karatasi bado hazijagawanywa.

Suala la tatu ni unyanyasaji wa kimapenzi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka wa 2006, ambayo mswada wake uliwasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, na Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 zilileta mabadiliko makubwa. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera dhidi ya unyanyasaji huo. Sheria hiyohiyo iliongeza likizo ya uzazi kuwa miezi mitatu yenye malipo kamili. Hapo awali, chini ya sheria ya mwaka wa 1976, ilikuwa miezi miwili, na aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Lakini sera iliyofungiwa katika kabati haimlindi mtu. Msaidizi wa kufundisha ambaye barua yake ya mapendekezo inategemea msimamizi mmoja ana sababu ya kunyamaza, na aghalabu anayehama idara au kuacha masomo ni yeye, si aliyemkosea. Kila anayeondoka kwa njia hii ni kiongozi mmoja aliyepungua miaka 20 baadaye.

Nguzo Isiyosimama

Fasihi ya Kiswahili iliyaona mambo haya mapema. Katika Nguzo Mama (1982), Penina Muhando anawachora wanawake wa kijiji cha Patata ambao wanajaribu kuisimamisha nguzo. Wahusika wake wameitwa kwa hesabu, Bi Moja, Bi Pili na kuendelea hadi Bi Nane, kana kwamba mwandishi anasema kwamba yeyote kati yetu angeweza kuwa mmoja wao. Nguzo haisimami. Kila mara inapokaribia kuinuka, mmoja huvutwa na shida za nyumbani kwake, mwingine huzozana na mwenzake, na mikono inayobaki haitoshi kuushikilia uzito.

Baadhi ya wasomaji huichukua tamthilia hii kuwa lawama kwa wanawake kwamba hawapatani. Usomaji huo ni mfinyu. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba hata migogoro baina ya wanawake hao ina mizizi katika umaskini, desturi na mamlaka yanayowazunguka. Wanaombwa waisimamishe nguzo kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishikilia nyumba nzima. Hali ya mhadhiri wa mfano wetu ni hiyo hiyo.

Uzito wa tamthilia hii unaongezeka tukikumbuka maisha ya mwandishi wake. Penina Muhando, ajulikanaye pia kama Penina Mlama, ni profesa wa sanaa za maonyesho aliyepanda hadi kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akisimamia taaluma. Baadaye aliliongoza shirika la FAWE, lililoanzishwa mwaka wa 1992 kuendeleza elimu ya wasichana Afrika na lenye makao makuu Nairobi, ambalo kabla yake liliongozwa na Eddah Gachukia wa Kenya. Mwandishi wa nguzo isiyosimama, basi, alitumia miaka yake mingi akijaribu kuisimamisha nje ya jukwaa.

Waandishi wa Kenya wa karne hii wameiendeleza mada hii kwa namna tofauti. Katika Kigogo, Pauline Kea anampa Tunu, mwanamke msomi, nafasi ya kuongoza harakati dhidi ya utawala dhalimu wa Majoko. Katika Chozi la Heri, Assumpta Matei anamchora Mwekevu, mwanamke anayeshinda uchaguzi, lakini ushindi wake unakataliwa na wasiotaka kutawaliwa na mwanamke na vurugu zinazuka. Ukivitazama vitabu hivi vitatu pamoja utaona hatua: Muhando anauliza kama nguzo itasimama, Kea anaonyesha kwamba inaweza, na Matei anatukumbusha kwamba wapo watakaoisukuma hata baada ya kusimama.

Mlango Ulipotangazwa

Kwa miaka mingi Rais wa nchi ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma, na manaibu chansela waliteuliwa naye. Serikali ya Mwai Kibaki, iliyoingia madarakani mwishoni mwa mwaka wa 2002, iliachana na desturi hiyo. Vyuo vikapata machansela wengine, na katika miaka iliyofuata nafasi za juu zikaanza kutangazwa ili wenye sifa waombe na kuhojiwa.

Tazama kilichofuata. Mwaka wa 2006 aliteuliwa Mugenda, akaongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta hadi 2016. Mwaka wa 2008 Mabel Imbuga, mwanabiokemia, akawa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na mwaka wa 2018 akarithiwa na mwanamke mwenzake, Victoria Wambui Ngumi. Teresa Akenga, mwanakemia, aliongoza Chuo Kikuu cha Eldoret, na Rose Mwonya Chuo Kikuu cha Egerton. Haiwezi kusemwa kwamba tangazo la kazi pekee ndilo lililoleta mabadiliko haya. Wanawake hawa walikuwa wamekwisha kupanda ngazi nyingi. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kuwa ni sadfa tu kwamba miaka 36 ya uteuzi wa faragha ilipita bila mwanamke hata mmoja, na mara milango ilipowekwa wazi wakaonekana. Uwazi haumpendelei mwanamke. Unamwezesha tu aonekane.

Theluthi na Mzigo Wake

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 27, inaitaka serikali ihakikishe kwamba si zaidi ya thuluthi mbili za wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa wanakuwa wa jinsia moja. Kanuni hii imekuwa nguvu kubwa katika uteuzi wa mabaraza na kamati za vyuo. Wapo wanaoipinga wakidai kwamba inawapa kazi wasiostahili. Pingamizi hili linasahau kwamba uteuzi wa zamani haukuwa na mizani safi. Mwanamume aliyeteuliwa kwa sababu ya kujuana hakuwahi kuitwa mteuliwa wa upendeleo.

Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao watetezi wa kanuni hii hawana budi kuukabili. Tuseme chuo kina maprofesa 30, na watano kati yao ni wanawake. Tuseme pia kina kamati 12 zinazohitaji maprofesa, kila moja ikiwa na watu tisa, na kila moja ni lazima iwe na wanawake watatu. Nafasi za wanawake ni 36, na wanaoweza kuzijaza ni watano. Kila mmoja ataketi katika kamati zipatazo saba. Nafasi 72 zinazobaki watagawana wanaume 25, yaani karibu tatu kwa kila mmoja. Hivyo profesa mwanamke hukaa vikaoni zaidi ya mara mbili ya mwenzake, na muda huo hautafiti wala kuchapisha. Kisha anapoomba nafasi ya juu anaulizwa mbona machapisho yake ni machache.

Funzo la hesabu hii si kwamba kanuni ifutwe. Ni kwamba theluthi ya juu haiwezi kusimama bila theluthi ya chini. Chuo kinachotaka wanawake watatu katika kila kamati leo kilipaswa kuwaajiri na kuwalea wahadhiri wengi zaidi wa kike miaka 15 iliyopita, na kinapaswa kuanza sasa kwa ajili ya miaka 15 ijayo.

Mapendekezo

Kwanza, vyuo vihesabu kipindi cha uzazi na ulezi katika tathmini ya kupandishwa cheo, ili mhadhiri apimwe kwa kazi aliyoifanya katika miaka aliyokuwa na nafasi ya kuifanya. Kituo cha kuwatunza watoto karibu na madarasa kitasaidia kuliko semina kumi kuhusu usawa.

Pili, kazi ya kamati itambuliwe kama kazi. Iwapo chuo kinamhitaji mtu katika kamati saba, kimpunguzie vipindi vya kufundisha au kiupe utumishi huo alama katika vigezo vya cheo.

Tatu, maamuzi yafanywe ndani ya saa za kazi na nafasi zote za uongozi, kuanzia uratibu wa kozi, zitangazwe idarani. Wafanyakazi wa ofisi nao wafunguliwe njia. Karani aliyesoma hadi akapata shahada akiwa kazini asiambiwe kwamba hakuna ngazi ya kumtoa mezani pake.

Nne, na hili linawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vijitazame. Si nadra kukuta chama ambacho wanachama wake wengi ni wasichana, mwenyekiti wake ni mvulana, katibu wake ni msichana, na anayesimamia chakula siku ya kongamano ni msichana pia. Anayeandika kumbukumbu hujifunza kuandika kumbukumbu, na anayeongoza kikao hujifunza kuongoza kikao. Hapo ndipo ngazi inapoanzia. Kiswahili kina maprofesa wanawake waliobobea, mathalan Clara Momanyi na Rayya Timammy, ambao maandishi yao wanafunzi wanayasoma. Anayewasoma asiishie kuwanukuu. Aulize pia njia waliyoipita.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kinachompunguza mwanamke katika uongozi wa vyuo vikuu si kimoja. Ni kanuni zilizodhani kwamba kila mke ana mume wa kumpa nyumba, ni miaka ya uzamifu inayogongana na miaka ya ulezi, ni vikao vya jioni, ni woga wa msaidizi anayenyanyaswa, na ni lugha inayompa heshima huku ikimpokonya mamlaka. Historia imeonyesha vilevile kwamba mambo haya yalitengenezwa na watu, na watu wamekwisha kubadilisha baadhi yake. Wanawake wa Patata hawakushindwa kwa sababu nguzo ilikuwa nzito kupita kiasi. Walishindwa kwa sababu hawakuachiwa mikono yote miwili. Siku chuo kitakapowaachia, methali iliyofungua makala haya itasomwa kwa upande wake wa pili: aliyekuwapo na lake lipo.